Hukumu ya Mlinda Lango wa Akiba

Nyarugusu ya Geita si Nyarugusu ya Kasulu. Ile ya Kasulu, katika mkoa wa Kigoma, imepata jina ulimwenguni kwa sababu ya kambi yake ya wakimbizi. Hii ya Geita jina lake halivuki sana mipaka ya nchi ya dhahabu, lakini ndani ya mipaka hiyo kila mchimbaji analijua. Watu wa huko huishi kwa duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo, na kwa karasha, mashine iyasagayo mawe yatokayo shimoni. Mazungumzo yao ya mchana ni ya mawe. Ya jioni, hasa siku za Jumamosi na Jumapili, ni ya mpira; na katika mazungumzo hayo ya jioni liko swali ambalo halikosi kuulizwa kila mara Simba au Yanga ifungwapo bao la ovyo. Swali lenyewe ni hili: huyu mtu wa akiba aliyetuponza, aachwe au asiachwe?

Mwenye kupita karibu na kibanda umiza, kama iitwavyo nyumba ya kuonyeshea mpira ambamo watu hubanana juu ya mabenchi, atadhani anasikia kelele tu za watu waliofungwa. Akisimama na kutega sikio atatambua kuwa wabishi wamegawanyika makundi matatu. Kundi la kwanza lina hesabu: limeyaweka moyoni makosa yote ya mtu yule tangu msimu uanze, mchezo kwa mchezo, nalo lataka aondoke kesho. Kundi la pili lina subira: lasema kuwa mtu aliyekaa benchi miezi mitatu hawezi kusimama langoni sawasawa na aliyecheza juzi, na kwamba aliyemweka benchi ndiye aulizwe. Kundi la tatu halibishani sana. Hungoja kelele zipungue, kisha likasema kwa sauti ya chini neno moja: amekula.

Neno hilo likishatamkwa, mjadala hugeuka. Watu hawautazami tena mkono wa mlinda lango wala mguu wake. Wautazama mfuko wake na simu yake, na rafiki zake, na gari alilopanda juma lililopita. Aliyekuwa mzembe amekuwa msaliti, na wale wa kundi la pili, waliokuwa wakimtetea kwa hoja nzuri, hunyamaza, maana nani ataka kuonekana akimtetea msaliti? Historia ya mpira wa Tanzania yaweza kusomwa kwa njia nyingi, kwa vikombe au kwa majina ya wafungaji. Lakini msomaji akiisoma kwa upande wa walioachwa ataona kuwa neno hilo moja limefanya kazi kubwa kuliko makosa yenyewe.

Si kila nchi huenda hivi. Wamarekani, katika mchezo wao wa besiboli, wamejaribu kulimaliza jambo hili kwa kalamu. Hukaa uwanjani mwandishi rasmi wa kumbukumbu, naye akiona mpira uliostahili kudakwa kwa juhudi ya kawaida umeponyoka, huandika kosa kwa jina la mchezaji. Kosa likawa tarakimu kitabuni, likahesabika pamoja na mema yake. Kalamu hiyo haikumwokoa Bill Buckner wa timu ya Boston, ambaye usiku wa tarehe 25 Oktoba 1986 mpira ulimpita katikati ya miguu katika mchezo wa sita wa fainali kuu. Lawama zilimwandama miaka na miaka, hata mwaka 2008 alipoalikwa Boston kurusha mpira wa ufunguzi na uwanja mzima ukasimama kumshangilia. Lakini lawama ya Buckner tangu mwanzo ilikuwa lawama ya kosa. Alidhaniwa mzee, mwenye miguu mibovu. Hakudhaniwa kuwa amewauza watu wake. Katika kandanda hakuna mwandishi wa namna hiyo wala safu ya makosa, na kitabu hubaki vinywani mwa watu.

Kwa nini vinywa vya Tanzania viwe vyepesi kutamka hiana? Sehemu ya jibu imo katika asili ya klabu zenyewe. Yanga iliasisiwa mwaka 1935, na mwenzake mwaka 1936. Huyo wa pili alipitia majina ya Queens, Eagles na Sunderland kabla hajaitwa Simba mwaka 1971. Zote mbili zilikuwa vyama vya watu wa mtaani, zenye kadi, ada, wazee na mikutano. Mshabiki wa kwanza wa Tanzania hakuwa mnunuzi wa tiketi; alikuwa mwanachama, na mwanachama hujiona mtoto wa nyumba. Mgeni akivunja sahani, mwenye nyumba hukasirika kidogo, akazoa vigae. Mtoto wa nyumba akiivunja huulizwa alikuwa akiwaza nini. Ligi ya taifa ilipoanzishwa mwaka 1965, Sunderland wakiwa mabingwa wa kwanza, desturi hii ya kuwahoji watoto wa nyumba ilikwisha kukomaa katika mitaa ya Kariakoo, nayo ikasafiri pamoja na ligi mpaka bara.

Tena yako magoli yasiyosahaulika. Tarehe 1 Juni 1968 Yanga iliwafunga watani wake 5-0. Kipigo cha namna hii hakikubaliki kuwa ni bahati ya siku. Akili ya mshabiki hutafuta mkono wa mtu. Mwaka 1976 Yanga yenyewe ilipasuka kwa mgogoro mkubwa wa ndani, na katika mpasuko huo ikazaliwa klabu ya Pan African, iliyoondoka na wachezaji wengi waliokuwa nguzo za timu. Wako waliosema wakati ule kuwa nyumba imesafishwa. Mwaka uliofuata, tarehe 19 Julai 1977, Simba iliwafunga Yanga 6-0, Abdallah Kibadeni akifunga matatu peke yake. Hatuwezi kusema kuwa mpasuko ule ndio sababu pekee ya mabao sita. Lakini ni vigumu kuitazama miaka hiyo miwili ikiwa imesimama pamoja bila kuwaza juu ya walioondoka.

Watu wa Ziwa hawakuwa watazamaji wa mbali katika mambo haya. Tarehe 10 Agosti 1974 mchezo wa kuamua bingwa wa taifa baina ya Simba na Yanga ulichezwa katika uwanja wa Nyamagana, Mwanza. Simba ilitangulia kwa bao la Adam Sabu. Gibson Sembuli akasawazisha dakika za mwisho, na Sunday Manara akafunga la ushindi katika muda wa nyongeza. Geita wakati huo ilikuwa bado chini ya mkoa wa Mwanza, nao mkoa wake wenyewe haukuundwa mpaka mwaka 2012. Hivyo mchezo ule ulichezwa nyumbani kwao, na wazee wa upande ule wangali wakiusimulia kama jambo la kijiji.

Ama mpira wa migodini una tabia yake. Mwadui, mgodi wa almasi ulioanza baada ya ugunduzi wa John Williamson mwaka 1940, ulikuwa na timu iliyobeba jina lake, na timu hiyo ilirejea ligi kuu katika msimu wa 2015/16. Shinyanga mjini, watu wa stendi ya mabasi walijenga timu yao wenyewe, Stand United, wakaiita Chama la Wana, wakafika nayo ligi kuu mwaka 2014. Mwaka 2021 Mwadui ikashuka, na mwaka huo huo Geita Gold ikapanda. Timu hizi hazina umri wala vikombe vya Kariakoo, lakini mshabiki wake amekuja na kitu ambacho Kariakoo haina, nacho ni mazoea ya shimo.

Mchimbaji hujua mambo mawili kwa wakati mmoja. Anajua kuwa mwamba unaweza kuwa maskini. Watu huchimba majuma mengi, wakasimika matimba ya kuzuia udongo, wakapandisha mifuko ya mawe kwa kamba, na mwisho wa yote dhahabu ikawa haitoshi hata kulipa chakula, wala hapana aliyekosa. Anajua pia kuwa watu huiba. Kati ya shimo na karasha, na kati ya karasha na mahali pa kuoshea, mna mikono mingi, na jiwe lenye dhahabu ni dogo, huingia mfukoni. Kwa hiyo mifuko ikitoa kidogo, swali la Nyarugusu ni lile lile la kibanda umiza: ni mwamba, au ni mtu? Lakini hapa pana tofauti. Mchimbaji aliyejifunza kazi hasubiri mpaka dhahabu ipungue ndipo aanze kushuku. Huyasindikiza mawe yake tangu shimoni, hukaa karibu na karasha mpaka yasagike, na mgao hufanywa mbele ya macho ya wenye haki zao. Shaka yake ameipa kazi ya kufanya. Mshabiki hana la kusindikiza. Ameona mpira ukipenya, amelipa kiingilio chake, na shaka yake imebaki haina kazi, ndipo inapomwangukia mtu aliye karibu zaidi na wavu.

Wala haitakuwa haki kusema kuwa shaka hiyo haina msingi. Nchi ya dhahabu yenyewe imeona ushahidi. Katika Ligi Daraja la Kwanza ya msimu wa 2015/16, Geita Gold na Polisi Tabora walifika siku ya mwisho ya kundi lao wakiwania nafasi moja ya kupanda ligi kuu, na tofauti ya mabao ndiyo ingeamua. Siku hiyo ya Februari 2016 Geita ilishinda 8-0 dhidi ya JKT Kanembwa. Polisi Tabora ikashinda 7-0 dhidi ya JKT Oljoro. Hapakuwa na haja ya mtu wa kunong'ona. Shirikisho la mpira lilichunguza, likaona kuwa matokeo yamepangwa, timu zote nne zikaadhibiwa kwa kushushwa daraja, na miongoni mwa watu waliofungiwa walikuwamo walinda lango. Nafasi ya kupanda ikaenda kwa Mbao ya Mwanza, ambao mwaka uliofuata walifika fainali ya Kombe la Shirikisho huko Dodoma, wakafungwa na Simba 2-1.

Jambo hili la mwaka 2016 lina funzo zito kwa wabishi wa makundi yote, na linafaa kuangaliwa polepole. Kundi la tatu hulichukua kuwa ushindi wake: tulisema, wanakula. Lakini tazama jinsi hiana ilivyojulikana. Haikujulikana kwa mpira mmoja uliomponyoka kijana mwenye mikono ya baridi. Ilijulikana kwa mabao 15 katika michezo miwili ya siku moja, kwa hesabu iliyolingana mno na haja ya kila upande, kisha kwa uchunguzi, mashahidi na hukumu iliyoandikwa. Na waliohukumiwa hawakuwa walinda lango peke yao. Klabu nzima ziliangushwa. Hiana ya kweli katika mpira mara nyingi huhitaji watu wengi na huacha alama nyingi. Kosa la mtu mmoja huacha alama moja, nayo huonekana na kila mtu, ndiyo maana ni rahisi kulitundikia lawama.

Juma Kaseja aliijua njia hii yote kwa miguu yake. Mwaka 2003, akiwa kijana wa miaka 18, alisimama langoni mwa Simba iliyowatoa Zamalek ya Misri, waliokuwa mabingwa wa Afrika, kwa mikwaju ya penalti huko Cairo. Alihamia Yanga katika msimu wa 2008/09, akarudi Simba. Tarehe 6 Mei 2012 Simba iliwafunga Yanga 5-0, na moja ya mabao hayo alilipiga yeye mwenyewe, mlinda lango, kwa mkwaju wa penalti. Mwaka mmoja tu baadaye mkataba wake ukaisha, na Simba haikumwongezea. Wapo washabiki waliokuwa wamekwisha kumnung'unikia, na hawakuona hasara.

Oktoba 2013 Yanga iliongoza 3-0 mbele ya Simba mpaka mapumziko, kisha ikarudishiwa mabao yote matatu. Mwezi uliofuata ikamsajili Kaseja. Msomaji afikiri hali ya mtu huyu: anaingia katika nyumba ambayo mwaka uliopita aliifunga bao, katika nafasi iliyoachwa wazi na hasira, na macho ya pande mbili yakimngoja. Tarehe 21 Desemba 2013, katika mchezo ulioitwa Nani Mtani Jembe, Simba iliwafunga Yanga 3-1, lango likiwa mikononi mwake. Kocha Ernie Brandts aliondolewa mara moja. Kaseja hakuondolewa siku ile, lakini tangu hapo aliyesimama langoni zaidi alikuwa Deogratius Munishi, na aliyekuwa shujaa wa Cairo akawa mtu wa akiba, mpaka yeye na klabu wakaachana. Mtu akihesabu makosa ya Kaseja katika Yanga ataona ni machache mno kuweza kumpima mlinda lango wa miaka kumi. Aliyehukumiwa alikuwa mtu aliyetoka upande wa pili, nalo kosa likatumika kuwa hati ya kesi iliyokwisha kuamuliwa.

Sehemu ya pili ya habari zake huwa haisimuliwi sana katika vibanda, pengine kwa sababu yawasuta watu wa nyumba zote mbili. Kaseja aliendelea kucheza katika klabu zisizo na kelele, Mbeya City, Kagera Sugar na KMC. Mwaka 2019 Etienne Ndayiragije, aliyemjua vizuri kwa kuwa aliifundisha KMC, alipokabidhiwa timu ya taifa kwa muda alimwita. Tarehe 4 Agosti 2019, huko Kasarani, Nairobi, Taifa Stars iliitoa Kenya kwa penalti 4-1, Kaseja akiwa langoni. Tarehe 8 Septemba, Dar es Salaam, Burundi walipiga penalti tatu, hawakupata hata moja. Alikuwa na miaka 34. Mikono ilikuwa ile ile.

Bado liko jambo la benchi lenyewe, na hapa kundi la pili la wabishi lina haki kuliko linavyojua. Katika nafasi zote za uwanja, ya mlinda lango ndiyo isiyokuwa na njia ya kuingia kidogo kidogo. Mshambuliaji wa akiba huingizwa dakika ya 70, akakimbia, akakosa, na kukosa kwake kukasahauliwa. Mlinda lango wa akiba hukaa miezi, kisha huamshwa siku moja kwa sababu mwenzake ameumia, akatakiwa awe amekwisha kuzoea mpira wa juu, sauti za mabeki na mwendo wa mchezo mkubwa. Akikosea, watu husema: ndiyo maana alikuwa benchi. Kwa kweli mara nyingi benchi ndilo lililomkosesha.

Simba iliyaona mambo haya kwa pande zote mbili katika mwaka mmoja. Aprili 2023 Aishi Manula aliumia, na lango likamwangukia Ally Salim, kijana aliyekuwa nyuma ya wenzake wawili. Hofu ya washabiki ilikuwa kubwa na haikufichwa, maana mchezo wa Yanga ulikuwa mlangoni. Tarehe 16 Aprili Simba ilishinda 2-0. Juma moja baadaye kijana yule yule alisimama mbele ya Wydad ya Morocco, na Simba ikashinda 1-0. Ilitolewa Casablanca kwa penalti tu. Agosti 13, katika uwanja wa Mkwakwani, Tanga, mchezo wa Ngao ya Jamii baina ya watani ulikwisha bila bao, na Salim akapangua penalti tatu za Yanga. Kilichombadilisha hakikuwa siri: alichezeshwa, kisha akachezeshwa tena.

Zikaja siku za Novemba. Manula, aliyekuwa nje kwa maumivu tangu Aprili, alirudishwa langoni, na mchezo aliorudi nao ulikuwa dhidi ya Yanga, Jumapili ya tarehe 5 Novemba 2023. Mlinda lango wa kwanza wa taifa alikuwa sasa katika hali ile ile ya mtu wa akiba: mwili umepona, miezi imepita, mchezo mkubwa umefika. Yanga ilishinda 5-1.

Makundi matatu ya wabishi yakasimama tena kila mtu mahali pake. Wenye hesabu walihesabu mabao, moja baada ya moja, wakionyesha kwa mkono lipi lingezuilika. Wenye subira waliuliza nani alipanga timu ile, na kwa nini kijana wa Tanga aliketi. Na neno la chini likatamkwa pia, kama litamkwavyo siku zote, bila shahidi wala hati. Jumanne ya tarehe 7 Novemba klabu ilitangaza kuwa imeachana na kocha Robertinho. Mlinda lango alibaki na mkataba wake, na penalti tatu alizozipangua Salim kule Mkwakwani zilikuwa hazijatimiza hata miezi mitatu.